Foleni ya Ng'ombe Tisa

Jumatatu ya tarehe 6 Juni 1988, mwanamke ambaye leo mlima mzima unamwita Mama Mkubwa alitia saini kwenye daftari la shamba la maziwa alilolifanyia kazi miaka kumi na mmoja, kisha akatoka getini akivuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo mtamba wa miezi kumi na minne. Daftari bado lipo kwenye kabati la chama cha wafugaji, na saini inasomeka.

Shamba lilikuwa linafungwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo kwa fedha taslimu wakashuka bondeni siku hiyo hiyo, magodoro yakiwa juu ya paa la gari. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tisa, mjane wa miezi saba, hana mtoto. Aliomba alipwe ng'ombe. Meneja alidhani ni utani.

"Ng'ombe hapandi basi, mama."

"Na mimi sipandi basi," alimjibu.

Akapanda juu badala ya kushuka, mpaka pale barabara ya gari inapokwisha na kubaki njia ya miguu, akajenga vyumba viwili vya mbao na banda lililovizidi vyumba hivyo kwa ukubwa na kwa uimara. Ng'ombe wote aliokuwa nao mwanzoni mwa mwaka huu, tisa kwa idadi, walitokana na mtamba yule mmoja. Nani kamzaa nani, atakutajia huku anakata majani na hatakosea.

Jina la Mama Mkubwa lilikuja baadaye, na lilikuja na mtoto. Mdogo wake wa kike alifariki akiacha msichana wa miaka mitatu. Jamaa waliompandisha mtoto huyo mlimani walimkuta mwenyeji wao yuko bandani, wakamkabidhi kama mtu anavyotua mzigo uliokwisha kumchosha, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Mtoto alikuwa amekonda hata jirani mmoja akaropoka, "Jamani, huyu ni mtoto au kimbaumbau?" Neno likaganda. Likafupishwa kuwa Kimbau. Na kwa kuwa Kimbau alimwita mlezi wake Mama Mkubwa kwa haki yake ya damu, majirani nao wakafuata, hata vikongwe waliomzidi umri.

Alimlea kwa njia aliyoijua. Kila alfajiri alimkamulia maziwa moja kwa moja kwenye kikombe cha bati, yenye joto la ng'ombe na povu juu, na mtoto akayanywa pale pale mlangoni mwa banda, blanketi mabegani, macho bado yamejaa usingizi. Hayakuchemshwa. Mama Mkubwa aliamini kwamba moto unaua kile kinachomnenepesha mtoto. Miezi minne haikuisha, mashavu yakajaa. Wanawake wa kituo cha kukusanyia maziwa walipomsifu, alijua la kuwajibu.

"Nyinyi mmelea kwa chuchu mbili mbili. Mimi nimelea kwa kumi na sita."

Wakati huo alikuwa na ng'ombe wanne.

Kimbau alikua, akasoma, akajifunza ushonaji, akaolewa na dereva wa malori ya masafa marefu na kuhamia mjini huko chini. Mama Mkubwa alilipokea hilo kama mtu mzima. Alicheka harusini, akarudi akakamua. Lakini aliyemfahamu alijua kwamba tangu siku hiyo alikuwa akingoja jambo moja tu: Kimbau apate mtoto, na mtoto huyo apande mlimani. Mifugo alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo bado, ingawa vidole gumba vilishaanza kukataa kunyooka. Kilichokosekana ni mtu wa kuachiwa.

*

Mwenye kutaka kuelewa kilichotokea mwaka huu lazima kwanza aelewe jinsi ng'ombe wanavyoingia kukamuliwa.

Hawaingii ovyo. Wana vyeo, na wanavijua kuliko watu wanavyojua vyao. Katika banda la Mama Mkubwa wa kwanza daima alikuwa Shangazi, ng'ombe mzee mwenye pembe moja na roho mbaya, ambaye angemkanyaga yeyote aliyethubutu kumtangulia kwenye pumba. Nyuma yake Kilemba. Nyuma ya Kilemba, Nyota. Hawa wawili walikuwa pacha, mabinti wa Shangazi, weusi wote, kila mmoja na weupe kwenye paji: Kilemba utepe uliozunguka kichwa, Nyota doa moja kubwa. Kisha wengine sita, kila mmoja na nafasi yake. Ukifungua lango saa kumi na nusu alfajiri au saa kumi na nusu jioni, kiangazi au mvua, watapita hivyo hivyo. Huhitaji kuangalia.

Mama Mkubwa hakuwa akiangalia. Kule shamba la zamani walikamua ng'ombe sitini, na wakamuaji walifundishwa kufuata foleni kwa misumari. Ukutani palikuwa na safu ya misumari. Aliyeingia wa kwanza, kamba yake ya miguu ilining'inizwa msumari wa kwanza, wa pili msumari wa pili, mpaka mwisho. Jioni walichukua kamba kwa mpangilio ule ule, na kila kamba ikamkuta mwenyewe. Hakuna aliyesoma namba, na wakamuaji wengine hawakujua kusoma hata hivyo. Miaka kumi na mmoja Mama Mkubwa hakuona kamba ikipotea njia. Alipojenga banda lake alipigilia misumari kabla ya kuweka mlango.

Mwezi wa tatu daktari wa mifugo alipanda kuja kupima damu. Ni dada wa miaka thelathini hivi, ametoka chuoni miaka michache iliyopita, na wafugaji walipoacha kumtania kuhusu viatu vyake walianza kumheshimu. Ugonjwa wa kutupa mimba ulikuwa umeonekana upande wa pili wa mlima. Ni ugonjwa wa siri: ng'ombe anakula, ananenepa, anatoa maziwa, huku anaubeba, na humwingia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu.

Daktari alichukua damu uani, akianza na ng'ombe aliyekuwa karibu, na kila mmoja akafungwa shingoni kwa kamba kipande cha plastiki chenye namba iliyoandikwa kwa wino. Kwenye fomu, mbele ya namba nne na namba saba, aliandika maneno yale yale: jike, mweusi, paji jeupe.

"Mama Mkubwa, majibu ni wiki mbili. Mpaka hapo maziwa yote yachemshwe. Na hizi namba, tafadhali, zisifutike."

"Namba zako nitazitunza kama mayai, mwanangu."

Na alizitunza. Hilo ndilo linaloumiza. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, na dawa ile hung'oa hata rangi ya mlango, seuze wino. Mwingine angewapulizia hivyo hivyo. Mama Mkubwa, wakati wa kukamua alfajiri, alimvua kila ng'ombe kamba ya shingoni alipoingia na kuitundika: wa kwanza msumari wa kwanza, wa pili msumari wa pili.

Ila alfajiri ile Nyota alikuwa na joto. Alikuwa ameanza kupiga kelele kabla ya lango kufunguliwa, anawapanda wenzake, hasikii la mtu. Lango lilipofunguliwa alimsukuma Kilemba ubavuni na kuingia mbele yake.

"Ewe, umepata wazimu?" Mama Mkubwa alimwambia, akampiga kofi la mapenzi mgongoni. "Subiri, bwana ako anakuja."

Akili yake ilishahamia kwingine. Ng'ombe aliyeonekana na joto alfajiri apandishwe alasiri. Ukichelewa, umengoja wiki tatu nyingine. Alikamua kwa haraka, akapulizia dawa, akampigia simu mpandishaji, yule ambaye wafugaji humwita Fahali wa Pikipiki. Alasiri akafika, chupa ya mbegu mgongoni, akipiga honi tangu kona ya chini.

"Mkwe wako nimefika!"

"Mkwe gani wewe, na mahari hujaleta hata kuku?"

"Mama Mkubwa, mimi nina wake mia tatu mlima huu. Nikianza kulipa mahari nitauza pikipiki."

Akavaa glavu ndefu, akafanya kazi yake, akaandika tarehe kwenye kadi ya Nyota, akaondoka. Jioni Nyota alikuwa ametulia kama si yeye. Lango lilipofunguliwa, Shangazi alipita wa kwanza, Kilemba wa pili, Nyota wa tatu. Mama Mkubwa alichukua kamba kwa mpangilio wa misumari na kumvisha kila aliyepita. Aliridhika. Wino ulikuwa mweusi vile vile.

*

Majibu yalisema namba nne ni mgonjwa. Wanane wengine, wazima.

Namba nne ilikuwa shingoni mwa Kilemba. Daktari alilinganisha na fomu: jike, mweusi, paji jeupe. Alimshika Mama Mkubwa bega akamweleza kwamba hakuna dawa, na kwamba ugonjwa huu hauonewi huruma. Kilemba ndiye aliyekuwa akitoa maziwa mengi kuliko wote. Lilipokuja lori la machinjio alikataa kupanda ubao, na wanaume watatu wakaanza kumpigia kelele. Mama Mkubwa akawaomba wasogee. Akapanda yeye mbele, akaita mara moja, na Kilemba akamfuata ndani.

Kwa siku kadhaa Nyota alisimama langoni akiacha nafasi mbele yake. Kisha akasogea.

Mwezi wa tano Kimbau alikuja na sanduku na cherehani. Mumewe alikuwa safarini wiki tatu kati ya nne, na yeye alikuwa na mimba ya miezi miwili, ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa na maswali ya mawifi.  Mama Mkubwa alihamisha kitanda chake sebuleni, akampa Kimbau chumba chenye dirisha.

"Kitanda chako mbona umekitoa?"

"Sebuleni kuna hewa."

"Sebuleni kuna panya, Mama Mkubwa."

"Basi watanipa kampani."

Cherehani iliwekwa dirishani, na wanawake wa jirani wakaanza kuleta sare za watoto wa shule zirekebishwe. Kimbau alitapika asubuhi na kucheka mchana. Alizoea kuja bandani na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiongea na mgongo wa Mama Mkubwa aliyekuwa anakamua. Waliongea habari za mtoto kana kwamba keshafika na yuko nje anacheza. Akiwa wa kiume, Kimbau alisema, hatampa jina la mkwewe, labda wamshikie bunduki. Mama Mkubwa alisema wa kiume au wa kike, atajua kukamua kabla ya kujua kusoma.

Na kikombe kilirudi. Daktari alikuwa ameagiza maziwa yachemshwe mpaka majibu yatoke. Majibu yalikwisha kutoka, na mgonjwa alikwisha kuondoka. Kweli daktari aliwahi kusema pia, kwa jumla, kwamba maziwa mabichi si mazuri wakati wowote, lakini hilo Mama Mkubwa aliliweka pamoja na mambo mengine ya chuoni. Yeye mwenyewe tumbo lake lilikataa maziwa mabichi tangu alipofika uzeeni, akawa anayanywa kwenye chai tu. Kwa Kimbau alichagua ng'ombe. Shangazi maziwa yake yalikuwa mepesi. Yenye mafuta mazito, matamu, baada ya Kilemba kuondoka, yalikuwa ya Nyota. Wiki kumi, kila alfajiri, kikombe kimoja cha Nyota.

"Maliza. Si wewe, ni huyo wa ndani ndiye anayekunywa."

"Huyo wa ndani ana tumbo la ndama?"

"Kunywa, Kimbau."

Akanywa.

*

Homa ilianza mwezi wa saba. Ilipanda jioni na kushuka asubuhi, pamoja na jasho la kulowesha shuka na maumivu ya kiuno ambayo wote wawili waliyahesabu kuwa ni ya mimba. Zahanati ya chini ilimpa dawa za malaria. Akapata nafuu siku tatu, homa ikarudi. Jumanne ya mwisho ya mwezi, akiwa amekaa kwenye cherehani, alisimama ghafla na kusema, "Mama Mkubwa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kuomba mkasi. Kitambaa alichokuwa amekalia kilikuwa kimelowa damu.

Walimshusha kwa machela mpaka barabarani na kwa gari mpaka hospitali. Mtoto alitoka saa nane mchana, wa kiume, wa miezi mitano. Muuguzi alimfunga kwenye kitambaa cheupe na kuuliza nani atamchukua. Mama Mkubwa akanyoosha mikono.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamume mtaratibu aliyeuliza maswali huku anaandika. Homa imeanza lini? Inapanda saa ngapi? Kisha, bila kuinua kichwa:

"Nyumbani mnafuga?"

"Tunafuga," Mama Mkubwa akajibu.

"Maziwa mnachemsha?"

Kimbau alimwangalia Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akajibu, "Ng'ombe wetu wamepimwa. Ni wazima."

Kalamu ikasimama. Damu ya Kimbau ikapimwa, na siku ya pili wakaambiwa ni ugonjwa ule ule. Akaandikiwa vidonge vya wiki sita. Daktari alisema atapona, na kwamba hakuna sababu ya kumzuia kushika mimba tena. Alisema vilevile kwamba yeye hawezi kuapa kuwa ugonjwa ndio ulioitoa mimba, maana mimba hutoka kwa mengi, ila akiulizwa anavyofikiri, ndivyo anavyofikiri.

*

Daktari wa mifugo alipanda siku ileile aliyopata taarifa. Alipima wanane wote upya, na safari hii aliandika kila doa na kila pembe. Wiki ya pili ya Agosti akarudi na majibu. Walikaa kwenye gogo nje ya stoo ya maziwa. Nyota alikuwa mgonjwa, na damu yake ilionyesha hivyo kwa nguvu. Ng'ombe wengine wawili wameambukizwa. Watano bado ni wazima, lakini kituo hakitapokea maziwa yao mpaka wapimwe mara mbili na kuwa safi.

"Nyota mwezi wa tatu alikuwa namba saba," daktari alisema, akigeuza karatasi.  "Namba saba alikuwa safi kabisa. Nimejiuliza kama maabara walichanganya. Nimejiuliza kama ni mimi."

"Hukuchanganya wewe."

"Inawezekana pia alishaambukizwa na pacha wake, ila damu ilikuwa haijaonyesha. Hutokea. Nitaandika hivyo. Halina wa kulaumiwa, Mama Mkubwa. Ni bahati mbaya."

Aliomba kadi ya Nyota ili ajue mimba yake ina umri gani, maana ng'ombe mwenye mimba ni hatari zaidi. Mama Mkubwa aliichomoa nyuma ya boriti. Mwandiko ulikuwa wa Fahali wa Pikipiki: tarehe, aina ya mbegu, na neno moja, *alasiri*. Ilikuwa Jumamosi. Kalenda iliyobandikwa mlangoni mwa stoo ilikuwa na alama ya msalaba kwenye Jumamosi hiyo hiyo, na msalaba kwenye kalenda ile maana yake ni dawa ya kupe.

Daktari aliandika tarehe akamrudishia kadi. Kwake ilikuwa tarehe tu.

Mama Mkubwa aliishika kadi. Ng'ombe mwenye joto hapangi foleni. Hilo analijua kama anavyojua jina lake. Akamwona Nyota akimsukuma Kilemba ubavuni, akaiona mikono yake mwenyewe ikitundika, wa pili msumari wa pili, wa tatu msumari wa tatu, akaiona jioni. Damu iliyoandikwa namba nne ilikuwa ya Nyota tangu mwanzo. Kilemba alikuwa mzima. Alikuwa mzima alipomfuata ndani ya lori.

"Umechoka," daktari alisema. "Nenda ukapumzike. Karatasi nyingine nitakuletea usaini kesho."

Hakuna mtu aliyeona. Foleni ile ya alfajiri ilishuhudiwa na ng'ombe. Angeweza kuiacha bahati mbaya ikabaki bahati mbaya, imeandikwa na mtu msomi kwa nia njema, na Kimbau angebaki na mama yake mkubwa aliyepatwa na msiba pamoja naye. Hakumwambia daktari neno. Alimsindikiza mpaka kwenye njia, akarudi, akawakamua wanane, akamwaga maziwa shimoni, akaosha ndoo mara mbili. Halafu akanawa mikono na kuingia chumba chenye dirisha.

Kimbau alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Umelala?"

"Hapana."

Alimweleza akiwa amesimama. Alianza na misumari, akaona haeleweki, akaanza upya na Nyota. Hakulia wala hakujitetea. Alisema kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Alifika kwenye kikombe, akamaliza.

Kimbau aligeuka taratibu. "Umejua lini?"

"Leo."

"Daktari anajua?"

"Bado. Yeye anadhani ni bahati mbaya."

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani kabla yako?"

Nje Shangazi aligonga lango kwa pembe yake moja, akitaka pumba. Kimbau alikaa kitandani, akavuta shuka mpaka kiunoni. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Unajua kitu, Mama Mkubwa? Yale maziwa mimi sikuwa nayapenda. Tangu darasa la tano. Yana harufu ya ng'ombe, yananikaa kooni. Nilikuwa nakunywa kwa sababu nakuona unavyoniangalia nikinywa."

Kimbau akakunja pindo la shuka.

"Ungeniuliza tu. Hata siku moja."

"Sikujua, mwanangu."

"Najua hukujua." Akalala tena, uso ukutani. "Nifungie mlango. Baridi inaingia."

Mama Mkubwa akatoka, akaufunga. Akakaa sebuleni kwenye kitanda chake, mikono mapajani, mpaka chai aliyoinjika ikakauka na sufuria kuanza kunuka.

Asubuhi daktari alipoleta karatasi, Mama Mkubwa alimwambia yote, pale pale kwenye gogo. Daktari alisikiliza, akaikunja karatasi mara mbili. Yeye naye alikumbuka jambo: jike, mweusi, paji jeupe, mara mbili kwenye fomu moja.

"Ningeandika utepe na doa, tungejua," alisema. "Mama Mkubwa, si lazima tuliandike hili. Halibadilishi kitu. Ng'ombe watakwenda vile vile."

"Liandike."

"Wenzako wa kituo watasoma. Unawajua midomo yao."

"Wasome. Na wao wana misumari kwenye mabanda yao. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Daktari aliandika. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa kubana. Mama Mkubwa aliusoma wote, akamwomba asahihishe sehemu moja iliyosema kamba zilivaliwa *na ng'ombe kwa makosa*. Zilivishwa, alisema, na mimi. Kisha akasaini.

Wanawake wa kituo walisoma kama ilivyotarajiwa. Wawili waliacha kumsalimia. Wengine watatu, bila kutangaza, wameng'oa misumari. Fahali wa Pikipiki alipanda siku moja bila kupiga honi, akakaa kwenye gogo muda mrefu, akakosa utani wa kusema, akaaga. Mume wa Kimbau alipiga simu kutoka mpakani. Alizungumza na mkewe, hakuomba kuzungumza na mtu mwingine.

Ndani ya nyumba wanaongea yanayohusu dawa, maji ya kuoga, na kama mvua itanyesha. Kimbau anakula kinachopikwa. Chai anakunywa bila maziwa, na Mama Mkubwa naye sasa anakunywa hivyo hivyo. Juzi asubuhi Kimbau alitoka kwa mara ya kwanza, akaenda mpaka ukingo wa shamba la majani ambako Mama Mkubwa alimzika mtoto na kupanga mawe, akakaa huko kama saa nzima. Aliporudi alikuta maji ya moto yamewekwa kwenye beseni. Alisema asante.

Alhamisi saa mbili asubuhi lori la machinjio litamchukua Nyota na wenzake wawili. Jumapili mume wa Kimbau atapanda na gari la kuazima kumchukua mkewe na cherehani. Kimbau hajasema kama atarudi, na hajaulizwa. Watano watakaobaki watapimwa damu tena baada ya siku thelathini, na mpaka majibu yatoke Mama Mkubwa ataendelea kuwakamua alfajiri na jioni, kwa sababu ng'ombe asipokamuliwa huugua kiwele, na maziwa yote yatamwagwa shimoni.